Kamera Juu ya Ngata

Kamera ya Mudathiri ilikuwa na kitanda chake. Nyumbani kwao Mbugani, pale Kyela mjini, nyuma ya duka la mchele, palikuwa na kabati ambalo droo yake ya chini ilitandikwa blanketi la mtoto. Blanketi hilo alililalia binti yao Naila kabla hajakua na kuolewa Mbeya. Sasa hapo ililala kamera. Ilikuwa nyeusi, nzito, ya miaka mingi kidogo, lenzi yake imetokeza mbele kama mchi, na kila jioni Mudathiri aliifunika hadi shingoni.

Mkewe, Salma, alimcheka kwa hilo, lakini hakuwahi kuliondoa blanketi. Alijua kinachowalisha. Duka lilikuwa lake, na mchele wa Kyela unapendwa kila mahali, lakini mwezi mmoja unauza na mwezi wa pili unakaa mlangoni kuhesabu bajaji zinazopita. Harusi hazikuwa hivyo. Kuanzia Bujonde mpaka Ipinda, bibi harusi alikuwa hajioni ameolewa mpaka apigwe picha na kamera ya Mudathiri, ile inayomtoa mtu na vijasho vyake vya furaha puani. Naila alisomeshwa na droo ile. Bati la nyumba lilitoka humo humo.

Basi jioni moja Mudathiri aliposema, huku anachambua samaki miiba, kwamba anataka kuirusha kamera angani, Salma aliacha kula.

"Nani airushe?"

"Hezroni. Tunaunda droni."

"Hezroni wa pikipiki?"

"Huyo huyo."

Salma akanawa mikono, na ubwabwa ulikuwa bado nusu sahani.

Mudathiri akaeleza taratibu, kama mtu anayembembeleza paka atoke uvunguni. Mwaka uliopita alikuwa ameanza filamu yake mwenyewe, si ya harusi, juu ya akina mama wa Kikisi wanaofinyanga vyungu kule Ikombe. Ikombe imebanwa kati ya mlima na ziwa, na vyungu vyao huja kwa mitumbwi hadi mnadani Lyulilo, kando ya Matema. Alikodi kijana wa Mbeya mwenye droni ndogo ya dukani. Picha ilipotoka, ziwa lote lilikuwa linang'aa kama bati jipya, hakuna maji, hakuna kina, hakuna kitu. Na Mudathiri alikuwa amelala kifudifudi ndani ya mtumbwi akachungulia maji yale. Alijua si bati. Kamera yake ilikuwa na kioo cheusi cha kufunga mbele ya lenzi, kioo kinachokata mng'aro na kuacha jicho lizame. Lakini hakuna droni ya dukani aliyoimudu ambayo ingebeba uzito ule. Ndiyo maana ilibidi waunde yao.

Salma alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akamwambia kwamba ziwa halirudishi kitu, na kamera yao ni moja.

Wiki nzima hawakuligusa jambo hilo. Ila hao wawili walikuwa na tabia yao tangu uchumba: jambo likiwashinda kwa maneno ya kawaida, wanategana vitendawili. Siku ya nane Mudathiri akaja dukani, akakaa juu ya gunia, akasema, "Kitendawili."

"Tega," Salma akaitikia, maana hakuna aliyelelewa vizuri anayeweza kunyamaza hapo.

"Nimepanda mti hauna mizizi, una matawi manane, na tunda lake moja linaona."

Jibu alilijua. Hata mteja aliyekuwa anachagua mchele alilijua, Kyela nzima ilishasikia habari za Hezroni na matawi yake. Salma akapekua punje kiganjani kwa muda mrefu.

"Sijui," akasema. "Nakupa mji."

"Mji gani?"

"Chukua Matema."

Mudathiri alimtazama mkewe kama siku aliyoletewa jibu la posa. Naye Salma akaongeza haraka kwamba mji huo una masharti. Betri zikiweza dakika tisa, yeye anazijua sita. Dakika ya sita ikigonga, kamera irudi nchi kavu, kitu kionekane kisionekane.

Kazi ikaanzia kwenye banda la Hezroni. Mota nane ziliagizwa Dar es Salaam. Mikono ilitengenezwa kwanza kwa mabomba ya pazia, ikapinda. Hezroni akapanda kwao Rungwe akarudi na mianzi mikavu, myembamba kama fimbo ya mchungaji, akaifunga kwa nyuzi za nyavu na gundi mpaka ikawa inalia ukiigonga. Salma alisema wametengeneza kiota cha ndege asiyejulikana. Hezroni akamjibu kwamba yeye aliwahi kufufua pikipiki iliyolala siku tatu ndani ya mto Mbaka, sembuse kiota. "Shemeji, wewe niombee tu upepo," alisema.

Kuijaribu bila kamera kusingewaambia kitu, na kuijaribu kwa kamera Salma hakutaka. Hapo ndipo walipofanya kosa ambalo mtu wa Kyela tu angelifanya. Mbugani kila uzito unajulikana kwa mchele. Mtoto akizaliwa utasikia ana kilo tatu, na mtu anaona mfuko wa mchele wa kilo tatu. Kwa hiyo Salma aliiweka kamera kwenye mizani ya duka, ikasoma kilo nne na robo, akapima mchele kilo nne na robo ndani ya mfuko wa kitambaa, akaufunga vizuri. Wakauning'iniza chini ya droni, wakaenda nayo kiwanja cha mpira.

Mota zikalia. Majani yakalala. Kile kiota kikasimama hewani, kimetulia kabisa, na mfuko wa mchele wa Salma ukapanda juu ya goli, juu ya michikichi, ukazunguka uwanja na kurudi. Ezekiel, muuza kakao aliyekuwa anapita na baiskeli, aliteremka akavua kofia bila kujua anamvulia nani. Watu hawakupiga kelele. Walisimama tu, shingo zimekatika nyuma. Salma alijisikia kitu kinamtambaa mikononi. Mchele huo aliupepeta mwenyewe, na sasa ulikuwa unamwangalia kutoka mahali ambapo kunguru hupita.

Walijaribu mara kumi na mbili, kwa mchele. Mara ya kumi na tatu wakafunga kamera, kwa vyuma na skrubu, ikabana barabara, na Mudathiri akairuhusu ipande kimo cha mtu tu. Ikatetemeka kama mgonjwa wa homa. Waliposhusha na kuangalia picha, nyumba zilikuwa zinachemka, watu wanachemka, na Hezroni alikuwa na pua tatu.

Uzito ni ule ule. Walipima tena, kilo nne na robo. Wakasawazisha mapanga ya mota, wakabadilisha mota mbili, wakahamisha betri. Siku kumi zikapita. Kibali cha kurusha walikwishapewa, cha asubuhi moja tu, Jumamosi ya mnada Lyulilo, na karatasi haikusema lolote kuhusu pua tatu. Hezroni alianza kuwa mkali kwa wateja. Mudathiri aliacha kufunika kamera hadi shingoni.

Salma ndiye aliyeliona, na aliliona akiwa anafanya kazi yake. Alikuwa anasukuma gunia kwa goti, akahisi jinsi lilivyopokea goti lake. Gunia halikusukumika papo hapo. Punje za juu zilisogea, zikawaambia za chini, za chini zikasogea kidogo, na pigo likapotelea njiani. Akasimama pale na goti lake guniani muda mrefu. Mchele ulikuwa unameza mtetemeko. Kamera haimezi kitu. Wameibana kwa chuma kwenye mianzi, na kila kishindo cha mota kinaingia mfupani.

Akafunga duka saa nne asubuhi, jambo ambalo hakuwahi kulifanya ila kwa msiba, akaenda bandani.

"Baba Naila," akamwambia mumewe mbele ya Hezroni, "umewahi kumwona mwanamke anabeba chungu juu ya fuvu tupu?"

Akajigusa utosini.

"Anaweka ngata. Kichwa kinatembea, ngata inacheza, chungu kimetulia. Ninyi mmembebesha huyu mdudu chungu bila ngata."

Hezroni alikaa chini juu ya tairi, akacheka mpaka akajifuta macho kwa kitambaa cha grisi. Salma alisokota ngata nne ndogo kwa majani makavu ya mgomba, imara, kila moja kama kikombe. Katikati ya kila moja akashona kifuko cha mchele. Wakaondoa vyuma, wakaikalisha kamera juu ya ngata hizo kwa mikanda ya mpira. Iliporuka, mianzi ilitetemeka vile vile, lakini picha ilikuwa imetulia kama maji mtungini. Mudathiri aliitazama picha ile, kisha akamtazama mkewe. Hezroni akamsemea: "Shemeji, tungejua tungeanzia kwako."

Jumamosi hiyo waliondoka na giza na kufika Lyulilo jua linachomoza nyuma ya milima. Ziwa lilikuwa limelala. Mitumbwi ya Ikombe ilishaanza kutia nanga, vyungu vimepangwa ndani yake vimevikwa majani, na wanawake wanavitoa kimoja kimoja na kuvipanga mchangani, vyekundu vyenye michoro myeupe shingoni. Aliyewapokea ni Tusajigwe, mfinyanzi mkongwe, ndiye mwenye mikono inayoonekana katika filamu yote ya Mudathiri. Aliwasalimia, "Mugonile," Salma akajibu, "Ndaga, bibi," na huyo bibi akaizunguka droni mara mbili, akagusa ngata kwa kidole.

"Hii nani kasokota?"

"Mimi, bibi."

"Umekaza mno. Lakini itabeba."

Makubaliano yalikuwa hivi. Hezroni ataendesha kwa rimoti. Mudathiri atatazama kioo kinachoonyesha kile kamera inachokiona, na kumwelekeza. Salma atasimama karibu na kutanda khanga yake juu ya kioo kile, maana kwenye jua kali hakionekani. Kwa hiyo wakati mota zilipolia na wanawake wote wakaacha vyungu vyao, Salma hakuiona droni inapanda. Alikuwa chini ya khanga na mumewe, kichwa kwa kichwa kama watoto waliojificha.

Aliona mikono ya Tusajigwe kwanza, mikubwa, imejaa mistari ya udongo, juu ya shingo ya chungu. Kisha mikono ikawa midogo. Chungu kikawa vyungu, vyungu vikawa shanga zilizomwagika, na Tusajigwe akawa nukta yenye kitambaa cha manjano. Mlima ukaingia. Salma alizaliwa Kyela, milima ile ameiona kila siku ya maisha yake, lakini sikuzote ilikuwa ukuta. Sasa aliona ina migongo, na nyuma ya mgongo mgongo mwingine, na kijito cheupe kinashuka mahali ambapo hajawahi kumsikia mtu akikitaja. Alijishika kifua. Wala hakujua amejishika.

"Dakika mbili," Hezroni akasema nje ya khanga.

"Twende majini," Mudathiri akamwambia. "Polepole. Shuka kidogo."

Kamera ikainama. Kioo cheusi kikafanya kazi yake, mng'aro ukakatika, na ziwa likafunguka. Salma aliona mchanga wa chini umekunjwa kunjwa kama kitambaa kilichotolewa sandukuni. Aliona kivuli cha droni yao kinatambaa juu ya mchanga huo. Aliona mawe na visamaki vya buluu.

"Dakika nne. Kuna upepo wa mlima unaanza."

Wakapita mawe. Maji yakawa ya kijani, kina labda mara tatu ya kimo cha mtu. Halafu Mudathiri akasema neno ambalo halikuwa neno.

Chini kule kulikuwa na duara. Kando yake duara nyingine, na nyingine, nyeusi katikati, zimekaa wima mchangani. Kumi pamoja. Mbele kidogo ishirini. Kisha safu ndefu, ikipotelea kinani. Salma alidhani ni macho. Yalikuwa yanatazama juu, yamewakodolea wao. Kisha kisamaki cha buluu kikatoka ndani ya jicho moja, kikaingia katika jingine, na ndipo alipotambua midomo ya vyungu.

"Vizima," Mudathiri alinong'ona. "Mama Naila, ni vizima."

"Dakika sita," Hezroni akaita. "Naigeuza."

Mudathiri hakuondoa macho kwenye kioo. "Haya," akasema, "irudishe."

"Bado," akasema Salma.

Sauti ilikuwa yake. Aliisikia. Mudathiri akageuza uso, wakawa wanatazamana chini ya khanga, pua karibu zigusane. Hezroni akauliza wamesema nini huko ndani.

"Mwambie asogee pale kwenye kile kikubwa," Salma akasema. "Kile chenye mchoro. Nikione."

Ikasogea. Chungu kilikuwa kikubwa kama vile vya kupikia watu wa msiba, kimezama nusu mchangani, na shingoni mwake michoro myeupe ilikuwa bado inasomeka. Kimekaa pale tangu lini, hakuna aliyejua. Juu yake mitumbwi imepita kila Jumamosi, watu wanacheka, wanaimba, wanagombana bei, na chenyewe kimetega mdomo juu. Salma akaivuta khanga ifunike zaidi. 

Dakika ya saba na nusu ndipo aliposema basi.

Lakini upepo wa mlima ulikuwa umeshuka kweli, unapuliza kutoka nchi kavu, na droni iliyokwenda kwa raha sasa ilikuwa inarudi kama mtu anayepanda kilima na mzigo. Salma akaitupa khanga, akaiona kwa macho yake mwenyewe kwa mara ya kwanza asubuhi ile, ndogo, imeinamisha kichwa, inasukumana na hewa. Rimoti ilikuwa inalia. Hezroni hakusema dakika tena. Ikafika hatua thelathini. Ikafika ishirini. Penye hatua kumi mota zikabadilisha sauti, zikawa zinaomba, na kile kiota kikakaa juu ya maji taratibu, kikapinduka.

Salma alikuwa tayari majini hadi kiunoni. Alikifikia kabla ya wanaume, akakiinua kwa mianzi yake, na kamera ikamwaga maji kama birika. Ngata zilikuwa bado zimeishika.

Mchangani Mudathiri aliifungua, akatoa betri, akafuta, akapuliza, akabonyeza. Akabonyeza tena. Kioo cha lenzi kilikuwa na maji ndani yake, yanakwenda huku na huku. Tusajigwe na wenzake walisimama mbali kidogo, kama watu wanavyosimama mlangoni mwa nyumba yenye mgonjwa.

"Imekufa," Mudathiri akasema.

Salma akapiga magoti mbele yake, nguo zimemganda. Alikuwa anafikiria harusi ya Bujonde wiki ijayo, na ile ya baada yake. "Nimeiua mimi. Wewe ulisema irudi."

"Nilisema," Mudathiri akakubali.  "Nilisema na huku naomba mtu anipinge. Sikutegemea awe wewe."

Akachomoa memori kadi, akaikausha kwa pindo la shati, akaichomeka kwenye kompyuta aliyokuja nayo. Wakaingia chini ya paa la makuti pale mnadani, penye kivuli. Kadi ikafunguka.

Wafinyanzi wakajaa nyuma yake. Walijicheka walipojiona wadogo kama siafu, wakataniana nani ana makalio makubwa hata kutoka mbinguni. Mlima ulipoingia wakapunguza utani. Maji yalipofunguka wakainamia kioo. Na vyungu vilipotokea, hakuna aliyesogea, hata yule aliyekuwa na mtoto mgongoni analia alisahau kumbembeleza.

Tusajigwe alisogeza uso mpaka pumzi yake ikaonekana kwenye kioo. Akasema pale ndipo upepo wa mlima unapokutana na wa ziwa, na mitumbwi ikipinduka hupinduka pale. Mama yake alipinduka pale, yeye Tusajigwe akiwa hajaota meno ya pili. Mama aliogelea akafika, lakini mzigo wa mwezi mzima uliondoka.

"Alilia wiki nzima," akasema. "Alituambia vyote vimevunjika. Kila aliyepoteza alisema vimevunjika. Sisi tulijua ni vigae." Akanyoosha kidole bila kugusa. "Kumbe wamekaa."

Hakusema vimekaa. Alisema wamekaa, kama watu, na hakuna aliyemsahihisha. Akaomba irudiwe tangu mwanzo, na Mudathiri akairudia mara tano.

Mchana mnada ulipoisha, wanawake walibeba mitumbwini mchele na chumvi walivyobadilishana kwa vyungu, wakaaga, wakaanza kupiga kasia kurudi Ikombe. Salma na Mudathiri walisimama ufukweni, Hezroni anafungasha mianzi. Njia ya Ikombe ni ya moja kwa moja, haijawahi kuwa vinginevyo. Mtumbwi wa mbele, wa Tusajigwe, ulikwenda sawasawa hadi karibu na pale penye vyungu. Hapo ukakunja. Ukatoka upande wa ziwa, ukazunguka kwa mbali na kwa adabu, kama mtu anayepita kando ya watu waliokaa, kisha ukarudi njiani. Wa pili ukakunja vile vile. Na wa tatu. Mitumbwi kumi na mmoja, mmoja nyuma ya mwingine, ikachora upinde mkubwa juu ya maji matupu.

Mikono ya Mudathiri iliinuka yenyewe mpaka usawa wa jicho, vidole vimejipanga kushika. Haikuwa na kitu. Ikabaki hewani kidogo, kisha akaishusha, na Salma akaushika mmoja, wakatazama mpaka mtumbwi wa mwisho ulipomaliza kuzunguka.